Morrowind, kaunta buku na mzee wa "nitafikiria"

Mara ya kwanza niliicheza gemu ya Morrowind dakika arobaini tu nikaifuta. Mara ya pili nilifika wiki mbili. Mara ya tatu nilijiapiza kabisa: ama niimalize, ama niiondoe kwenye kompyuta na nisiitaje tena mbele za watu. Maana nilishakuwa kero. Kila tukikaa kijiweni hapa Area D, Dodoma, mtu akigusa habari za gemu, mimi nasema "kuna ile moja bado sijaimaliza", kama mtu mwenye kesi ya kiwanja.

Kwa wasioijua, ni gemu ya mwaka 2002 ya kampuni ya Bethesda ya Marekani, ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Unaanza ukiwa mfungwa. Unashushwa kwenye meli katika kijiji cha Seyda Neen, kisiwa cha Vvardenfell, unaandikishwa jina na kazi kama mtu aliyefuata kitambulisho, halafu unapewa bahasha umpelekee mtu mmoja mji wa Balmora. Basi. Kuanzia hapo hakuna anayekushika mkono. Hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda, hakuna alama inayowaka kwenye ramani. Sisi tuliokulia mabanda ya gemu, padi mkononi, mechi ya dakika sita na foleni ya wenzako mgongoni, hatukulelewa hivyo.

Na imezeeka, tusidanganyane. Nyuso za watu ni kama vinyago vilivyochongwa na fundi mwenye haraka. Wanatembea kama wamevaa viatu vya kuazima. Ukimuuliza mtu habari za mji anakumwagia aya nzima ya Kiingereza kizito. Ukimuuliza jirani yake, anakumwagia ileile, neno kwa neno.

Kilichonikimbiza mwanzoni, hata hivyo, hakikuwa sura. Kilikuwa kaa. Kaa wa ufukweni, hatua chache kutoka kijijini. Namchoma kisu, naona kwa macho yangu kisu kinaingia mwilini mwake, na hadhuriki. Nachoma tena, hola. Kaa akaniua. Nikasema gemu mbovu hii, nikaifuta nikaenda kula.

Ilinichukua hadi safari ya tatu kuelewa kwamba kila pigo pale ni kama kurusha dadu. Kompyuta inapiga hesabu ya ujuzi wako kwa silaha uliyoshika, wepesi wako, bahati yako, na pumzi uliyobaki nayo. Pumzi ndiyo ule mstari wa kijani chini ya skrini, nao unapungua ukikimbia. Mimi nilikuwa nakimbia kila mahali. Nafika kwa adui nahema kama mbwa, halafu nashangaa nakosa. Juu ya hapo nilikuwa nimemchagulia mtu wangu ujuzi wa mashoka, nikampa kisu. Kosa langu, ingawa wangeweza kunong'ona kidogo. Nikaanza kutembea. Nikifika karibu na hatari nasimama kwanza mpaka kijani kijae. Kaa wakaanza kufa.

Nikakwama pengine. Mzee wa kupelekewa bahasha, Caius Cosades, unamkuta kifua wazi chumbani kwake, na kitu cha kwanza anachokuambia ni uende ukatafute kazi ujifunze maisha kwanza, ndipo urudi. (Nilimheshimu kwa hilo.) Ukirudi, anakutuma kwa mtu wa chama cha wapiganaji, naye anataka kisanduku cha mafumbo kutoka magofu yanayoitwa Arkngthand. Maelekezo yote ni ya mdomo: toka mjini, pita ngome ya jeshi, vuka daraja la kale juu ya korongo, tafuta mtambo wa kufungulia mlango. Jioni tatu nilizunguka kwenye vilima vile.

Wiki hiyohiyo nikampigia mjomba, anaye shamba la zabibu upande wa Hombolo, na nilikuwa nampelekea dawa za kunyunyizia.

"Shikamoo mjomba. Nitumie basi lokesheni kwenye simu."

"Marahaba mjomba. Lokesheni ya nini? Andika. Ukishuka usifuate njia ya magari. Utaona mbuyu wenye tundu, upite upande wa tundu. Mlima uuweke mkono wa kushoto usikuhame. Ukikuta korongo la mchanga umeshafika, piga kelele."

Nikaandika nyuma ya risiti, nikafika bila kumuuliza mtu. Nikiwa nimekaa chini ya mizabibu nakunywa maji, nikajicheka. Maelekezo ya mjomba na ya yule wa chama cha wapiganaji yalikuwa ya aina moja, tofauti ni kwamba ya mjomba niliyaandika na kuyafuata mstari kwa mstari, wakati ya gemu nilikuwa nayasoma nusu halafu nasubiri mshale. Niliporudi mjini nikanunua kaunta buku. Usiku huo nikauona ule mtambo, uko pale karibu na mlango siku zote. Kisanduku chenyewe ndani ya magofu ni kidogo, kimewekwa kwenye rafu, nami nilikipita mara mbili.

Sasa, kujua kucheza si sawa na kutaka kuendelea. Mimi nina kazi, nina mtihani wa jioni wa chuo, na gemu hii inakula masaa kama mchwa. Nikajipa Jumapili tatu. Nikasema: ya tatu ikifika nikikuta nafungua kwa sababu ya aibu tu, nafuta, na hakuna kesi.

Jumapili ya kwanza nilisinzia kwenye kiti. Ya pili nilisukumwa chini na wale ndege wenye mabawa ya ngozi, cliff racers, ambao hukufuata kutoka mlima hadi mlima wakipiga kelele, na nikafunga kompyuta kwa hasira. Kwa hesabu yangu ilikuwa imeshakwisha.

Ya tatu nilikuwa natafuta pango la unabii. Wahamaji wa jangwa la majivu wanakupa fumbo badala ya njia: kuna sindano, kuna lulu, kuna nyota ambayo ndiyo ufunguo. Niliupata mlango, lakini haufunguki. Nikapiga, nikazunguka, nikajaribu tena. Nikaamini faili imeharibika. Saa kumi na mbili na nusu jioni umeme ukakatika mtaa mzima, na betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo giza na kimya vikaja pamoja.

Nikatoka nje. Majirani wametoa viti, upepo wa Dodoma wa miezi hiyo unajua mwenyewe, baridi na vumbi kwa pamoja, mama mmoja anageuza mahindi kwenye jiko la mkaa. Watu wanaongelea umeme. Mimi nimekereka kweli, na si kwa sababu ya umeme. Nataka kujua ule mlango una nini. Mtoto wa jirani akaonyesha juu akasema nyota ya kwanza ni yake. Nikamwangalia. Nyota ndiyo ufunguo. Nyota zinakuja saa ngapi?

Umeme uliporudi karibu saa tano, nikamkalisha mtu wangu mbele ya mlango na kumngojesha hadi jioni. Ukafunguka. Kumbe unafunguka alfajiri na machweo tu, saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Pale nikajua nitamaliza, wala sikuwa tena nahesabu Jumapili.

Lakini nilikata mengi, na nashauri ukate bila huruma. Vyama vya wachawi na wezi niliviacha. Nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon, sikuzigusa. Nilihamia OpenMW, programu ya bure inayoendesha gemu hii kwa injini mpya ukiwa na mafaili halali ya gemu yenyewe, na ghafla naona milima ya mbali iliyokuwa imefichwa na ukungu. Dhoruba ya majivu ikipiga, watu wa mle wanainua mikono kukinga uso. Mimi nilikuwa nimetoka kufanya hivyohivyo stendi ya Nzuguni asubuhi.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote hakuna anayeisifia. Ili uendelee, lazima wakuu wa koo tatu wakukubali uwe kiongozi wao wa vita. Wa ukoo wa Telvanni anaitwa Gothren. Hakatai. Anasema tu jambo hili ni zito, atalifikiria. Ukirudi, bado anafikiria. Ukirudi tena, anafikiria. Jamani, sisi tunaoishi makao makuu ya nchi, mzee huyu tunamfahamu kwa harufu. Niliandika kwenye kaunta buku "Gothren: njoo kesho" mara nne kabla sijaelewa kwamba hatafikiria kamwe, na kwamba njia ni kumwondoa. Ana walinzi wawili wa kishetani. Nilijaza kijani kwanza.

Mwisho wenyewe ni mfupi. Dagoth Ur, adui mkuu wa gemu, anakukaribisha ndani ya Mlima Mwekundu kama rafiki wa zamani, anakuuliza maswali kwa adabu, halafu mnapigana. Moyo ulioko kule chini, ule unaompa nguvu zake, unaupiga nyundo, kisha kisu, na kila kitu kinaporomoka. Nikatoka nje. Mbingu iliyokuwa nyekundu wakati wote ilikuwa bluu, nikasimama tu naangalia.

Nilishuka kwa miguu hadi Balmora, bila kukimbia. Yule mzee kifua wazi alishaitwa kwao siku nyingi, akaniachia chumba. Nikaweka nyundo na kisu sakafuni, nikalala kwenye kitanda chake. Kwenye kaunta buku zimebaki kurasa kumi na moja. Ya mwisho kuandikwa ni dawa za mjomba, lita ngapi na bei.