Sharti lililovunjika mwaka 1998

Nikisoma kichwa cha habari kinachodai darubini "imeangusha" uthibitisho fulani wa kosmolojia (elimu ya asili na umbo la ulimwengu), huuliza kwanza: limeguswa sharti lipi? Hesabu yenyewe haiozi. Kinachooza ni kile tulichokikubali kabla ya kuianza.

Theoremu (kauli iliyothibitishwa kihesabu) ya wanafizikia Hawking na Penrose ya mwaka 1970 ni mfano mzuri. Inaonyesha kwamba ulimwengu kama wetu, ukifuata uhusianifu wa Einstein (nadharia yake ya mvutano), lazima uwe na njia za mwanga au chembe zinazokatika ghafla. Ukizifuata kurudi nyuma katika wakati, zinapokatika ndipo mwanzo. Miongoni mwa masharti yake lipo hili: densiti ya nishati, ukijumlisha kanieneo mara tatu, isishuke chini ya sifuri. Vumbi, gesi na mwanga vyote hutii. Nani angebisha wakati ule?

Mwaka 1998 timu mbili zilizokuwa zikipima supanova za aina ya Ia (nyota zinazolipuka kwa ung'avu unaokaribiana) zilikuta zile za mbali zimefifia kupita kiasi. Kazi ile ina mitego. Supanova inayofifia polepole huwa na mwanga mkali zaidi, kwa hiyo kila moja husahihishwa kwa kasi ya kufifia kwake. Vumbi nalo hula bluu kuliko nyekundu, ndiyo maana hupimwa kwa vichujio zaidi ya kimoja. Baada ya masahihisho yote, ufifu ulibaki. Zilikuwa mbali kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka.

Sasa chukua karatasi. Densiti yote ya leo iwe 1: maada 0.3, isiyo na kanieneo la kutajika, na nishati ya giza (jina la kile kinachoharakisha utanukaji) 0.7 yenye kanieneo la −0.7. Kanieneo mara tatu ni −2.1. Jumla: 1 − 2.1 = −1.1. Sharti limevunjika.

Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba mwanzo umefutwa. Haraka ya nini? Rudi hadi umbali kati ya galaksi uwe nusu ya wa leo. Maada inasongamana mara 8, inakuwa 2.4, nishati ya giza haibadiliki. 3.1 − 2.1 = +1.0. Sharti limerudi! Kwa hiyo supanova hazikufuta mwanzo. Zilituonyesha tu kwamba sharti hilo si sheria ya maumbile. Na kama ulimwengu ulifutuka ghafla katika sekunde yake ya kwanza, lilivunjika palepale lilipohitajika.

Wanafizikia Borde, Guth na Vilenkin, katika theoremu yao ya mwaka 2003, waliliacha kabisa sharti hilo la nishati. Sharti lao lilikuwa tu kwamba wastani wa utanukaji wa zamani uwe juu ya sifuri. Mlango ukabaki wazi kwa ulimwengu uliowahi kusinyaa.

Mwezi Machi 2025 mradi wa DESI, unaochora ramani ya ulimwengu kwa vipimo vya galaksi na kwasa (viini ving'avu vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14, ulitoa dalili kwamba nishati ya giza inadhoofika, si thabiti kama nilivyoichukua hapo juu: sigma (kipimo cha jinsi dalili ilivyo mbali na bahati nasibu) 2.8 hadi 4.2, kutegemea supanova zipi zimeunganishwa. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nisite. Supanova za karibu na za mbali zilipimwa kwa darubini tofauti, na hitilafu ya asilimia chache ya ung'avu kati ya makundi hayo inatosha kuisogeza namba hiyo ya sigma.