Kijiti cha Mama

Lilikuwa joto lile la Januari, la kulowa shati ukiwa umekaa tu kibarazani. Mwaka 2019, Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni. Dada Rehema akapiga simu ya video kutoka Minneapolis, Marekani, ambako ndiyo kwanza saa mbili asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba akageuza kamera: pipa jeusi la plastiki, theluji pande zote.

"Mama, mboji yangu imepoa. Haifukizi tena."

Alianza kutengeneza mboji kwa kumuiga Mama. Sisi tumekua na lundo nyuma ya nyumba: maganda ya ndizi, samadi ya kuku, maranda ya fundi seremala, majani makavu ya mwembe. Katikati kimechomekwa kijiti, kama bwana shamba alivyomfundisha. Mama hukichomoa asubuhi na kukishika kiganjani. Kikiwa cha moto na unyevunyevu, anakirudisha. Kikitoka kikavu, anamwagia lundo maji. Utotoni nilikishika siku moja nikakitupa. Lundo lililokolea hufika hata nyuzi 60 ndani, nami nilidhani Mama amefukia makaa.

"Unaligeuza?" Mama aliuliza.

"Kila wiki, kama ulivyoniambia."

Mama akanyamaza kidogo. "Hapo nimekukosesha mimi. Nilikuambia ya huku." Kisha: "Wali ukishaupalia makaa, unafunuafunua?"

"Sifunui."

"Basi."

Kwetu ukigeuza lundo, hewa inaingia, wadudu wasioonekana wanachangamka, joto linarudi upesi. Kule kila akigeuza, joto lote linapotelea hewani, na kipipa chenyewe ni kidogo. Lundo la kujitunzia joto hutaka kama mita moja kila upande.

Masharti yakamiminika, mengine nadhani Mama aliyatunga palepale. Pipa lizungushiwe maboksi na mifuko ya majani makavu. Maganda yakatwe vipande vidogo. Samadi hana, basi atie machicha ya kahawa, ambayo kule hayakosekani. Jioni afukie katikati chupa ya maji ya moto, kama anayemkanda mgonjwa. Rehema akataka kuifagia theluji iliyo juu ya kifuniko. Hapo nami nikapata la kusema: theluji laini imejaa hewa, huzuia joto lisitoke.

"Blanketi la barafu!" Mama alicheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Haya, liache."

Bando langu likaishia hapo.

Siku nne baadaye ukaja ujumbe: kijiti kina uvuguvugu. Tukashangilia mapema mno. Tarehe 30 mwezi huohuo baridi ya Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na Rehema akatuma picha ya kijiti kilichogandia ndani, hakichomoki hata kwa koleo. Alikuwa karibu kulia. Mimi nilikwisha kata tamaa, nikamshauri alimwage.

"Wamelala wadudu hao, hawajafa," Mama alisema. "Mwache Rehema naye alale."

Aprili ikaja video. Theluji imeyeyuka, mkono wenye glavu unachomoa kijiti, kinatoka cheusi na mvuke mwembamba. Mama akaitazama mara mbili, akaniambia nimpigie Rehema.

"Nimeona. Sasa vua hiyo glavu, ukishike."