Nilivyofanikiwa kunasa alama za histoni kwenye majani ya arabidopsi

Histoni ni protini ambazo DNA huzizungukia, na ili kupima alama zake kwenye mmea kwanza unazishikamanisha na DNA kwa dawa iitwayo fomaldehidi. Ukiambiwa "zidisha fomaldehidi, acha miche ikae humo saa nzima", kataa. Ushauri huo nilipewa na watu ninaowaheshimu, kila mmoja kwa wakati wake, na ulinimalizia miche niliyoilea kwa wiki nyingi kwenye chumba cha baridi. Hadi leo unaniudhi, kwa sababu bado naona wanafunzi wapya wakipewa uleule.

Nilikuwa Uingereza kimasomo, nikifuatilia jeni ya FLC katika Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi na sukumawiki. FLC huzuia maua. Baridi ikidumu wiki kadhaa, mmea huanza kutengeneza protini ya VIN3, nayo hushirikiana na kundi la protini liitwalo PRC2, na histoni H3 zilizo mwanzoni mwa jeni hubandikwa alama ya methili tatu (vikundi vidogo vya kemikali) kwenye lisini iliyo nafasi ya 27 katika mnyororo wa asidi amino. Mmea ukirudi kwenye joto, alama hiyo huenea hadi kuifunika jeni yote. FLC inazimika, maua yanaruhusiwa, na hakuna hata herufi moja ya DNA iliyobadilika. Kabichi nayo huhitaji baridi hivyohivyo. Bila hiyo utavuna majani tu, mbegu hupati.

Nilitaka kuipima alama hiyo kabla ya baridi, baada ya wiki kadhaa kwenye nyuzijoto 5, na baada ya kurudi kwenye joto. Unazishikamanisha histoni na DNA kwa fomaldehidi, unakata kromatini (DNA pamoja na histoni zake) vipandevipande, unanasa vyenye alama kwa kingamwili (protini inayoitambua alama na kuishika), unapima DNA yake kwa PCR, njia ya kuzidisha nakala za kipande cha DNA.

Tatizo ni jani lenyewe. Nje lina nta, ndani kati ya seli limejaa hewa, kwa hiyo dawa haipenyi. Mtu akipata DNA kiduchu anadhani dawa ni kidogo, anaongeza muda. Matokeo yake seli za pembeni zinashikamana kupita kiasi, mashine ya mawimbi ya sauti inashindwa kuzikata, na kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu, DNA inakwama juu kabisa karibu na kisima ilipowekwa badala ya kutawanyika kati ya urefu wa besi (herufi za DNA) 200 na 500. Ukiona hivyo, simama hapohapo. Kichupa cha kingamwili ni ghali. Usikipoteze kwenye kromatini isiyokatika.

Kilichoniokoa ni pampu ya kuvuta hewa. Fomaldehidi niliibakiza asilimia 1, ikiwa ya baridi, na juu ya miche nikaweka kipande cha wavu wa nailoni ili isielee. Ukiwasha pampu, mapovu madogo yanatoka pembezoni mwa majani. Wengi huishia hapo wakifurahia mapovu, kumbe hapo dawa bado haijaingia! Inaingia unaporudisha hewa, maana shinikizo la nje ndilo linaloisukuma kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Basi nikavuta, nikaachia, nikavuta tena, nikiwa nimeyakodolea macho majani. Yalianza kuingia madoa ya kijani kibichi cha giza, kama yamelowa kwa ndani, madoa yakaungana, jani zima likawa linapitisha mwanga, kisha likazama lenyewe. Likizama, dawa imefika. Yote haya hayazidi robo saa.

Glaisini ya kusimamisha dawa nayo lazima ivutwe kwa pampu, la sivyo inabaki nje na fomaldehidi inaendelea na kazi ndani. Hili sikuelezwa na mtu yeyote. Baada ya hapo suuza, kausha vizuri, gandisha kwa naitrojeni ya kimiminika.

Jeli ya safari hiyo ilitoka safi, nikapiga kelele maabara nzima ikageuka. Nilipima pia jeni mbili za kulinganishia: STM, ambayo majanini hubeba alama hii kwa wingi, na ACT7 isiyo nayo, kisha kila namba nikaigawanya kwa kiasi cha H3 yote, yenye alama na isiyo nayo. Baada ya baridi, kilima kidogo cha alama kilikuwa mwanzoni mwa FLC. Baada ya joto, jeni nzima ilikuwa imefunikwa.

Miche iliyokatishiwa baridi njiani ilinipa namba za katikati, nikaambiwa nizitupe eti unasaji ni dhaifu. Sikuzitupa. Kundi la watafiti Martin Howard na Caroline Dean lilishaonyesha mwaka 2011 kwamba kila seli ama imezima FLC ama haijaizima, na urefu wa baridi huongeza idadi ya zilizozima. Kwa hiyo kama STM yako iko juu na ACT7 iko chini, namba ya katikati kwenye FLC ni mchanganyiko wa seli. Iandike hivyohivyo kwenye matokeo yako.