Adili, manyani na mji wa mawe

Kitabu kilichonijengea hamu ya kusoma utotoni ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, ambamo gavana mwenye huruma hulazimika kuwapiga mijeledi kila usiku manyani wawili, nasi twaja kujua baadaye kwamba ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria baada ya kumtosa gavana huyo, Adili, baharini. Mji ambao watu wake wamegeuka mawe ndio ulioniteka zaidi, kwani mwandishi hatuharakishi, bali hutupitisha humo kwa sentensi zenye mizani ya ushairi. Hadithi ina asili katika Alfu Lela Ulela, lakini Kiswahili chake kitamu, kwa maoni yangu, kimeifanya yetu kabisa.