Siku moja maishani mwangu: kulinda bwawa la shamba wakati wa masika

Saa 11:30 alfajiri. Mvua imeanza saa nane usiku na ndiyo kwanza imekatika. Kipimo cha mvua kinasoma milimita 38. Naandika kwenye daftari kabla sijagusa chai, kisha navaa gambuti, nachukua panga, ndoo ya lita 10 na chupa ya kioo.

Nafanya kazi kwenye shamba la kahawa huku Karatu, na kazi yangu ni bwawa. Ni bwawa la udongo, tuta lake lina urefu wa meta 180 na kimo cha meta 7 pale katikati. Kiangazi ndilo linalonywesha kahawa. Masika ndiyo msimu wa kulilinda, kwa kuwa bondeni chini yake kuna kaya za watu, mashamba ya vitunguu na shule ya msingi.

Saa 12:15. Naanzia juu ya tuta. Nasimama mwanzoni na kupiga jicho moja kwa moja kwa kufuata nguzo za uzio mpaka ng'ambo. Tuta likiwa limedidimia mahali, nguzo za hapo huonekana zimeshuka. Upande wa kusini kuna sehemu ya hatua kama kumi iliyoshuka kidogo, na maji ya mvua yametuama hapo. Hilo si dogo. Maji ya bwawa yakijaa kupita kiasi, yatatafuta pale palipo chini kuliko kwingine, na pale ndipo yatakapoanza kukata.

Natafuta nyufa pia. Ufa unaofuata urefu wa tuta unaniambia kwamba upande mmoja unataka kuteleza. Ufa unaokatiza tuta, kutoka kwenye maji kwenda nje, huo nikiuona sisubiri kuche mara ya pili, nampigia simu mhandisi hapohapo. Leo hakuna.

Upande wa maji, mawe yaliyopangwa kuzuia mawimbi yako sawa, isipokuwa machache yaliyoporomoka karibu na kona. Ubao wa vipimo unaonyesha maji yamepanda sentimita 22 tangu jana jioni.

Saa 1:00 asubuhi. Nateremka upande wa nje kwa kupindapinda, polepole, nikisikiliza miguu. Mahali palipolowa kutoka ndani hubonyea chini ya buti kwa namna tofauti na palipolowa na mvua, na mara nyingi majani yake huwa ya kijani zaidi hata wakati wa jua kali.

Chini kabisa ya tuta, pale linapokutana na ardhi ya kawaida, kuna kijito kidogo cha maji yanayochuruzika. Wageni wakikiona hushtuka. Bwawa la udongo halikosi kuvuja. La kujua ni kiasi gani, na maji yenyewe yana rangi gani. Tulijenga hapo kijiukuta cha zege chenye bomba dogo ili maji yote yapite mahali pamoja. Naweka ndoo, natazama saa ya simu. Imejaa kwa sekunde 42. Wiki iliyopita ilikuwa sekunde 45, lakini bwawa limepanda, kwa hiyo mtiririko kuongezeka kidogo si ajabu.

Kisha chupa. Naijaza, naiweka juu ya jiwe bila kuitikisa, nasubiri robo saa. Nikirudi nainyanyua kuelekea jua na kutazama kitako chake. Kukiwa na utando wa tope, hata mwembamba kama karatasi, maana yake maji hayo yanatoka na udongo wa ndani ya tuta. Shimo linalochimbwa hivyo huanzia nje, kisha hurefuka kurudi nyuma kuelekea kwenye maji. Linaweza kuchukua miaka bila mtu kujua, na siku likifika kwenye maji, mambo huisha kwa saa chache tu. Leo kitako cha chupa ni safi. Naandika: *sekunde 42, maji meupe*.

Saa 3:00. Vijana wawili wamefika na fyekeo. Tunafyeka ukoka uwe mfupi, si kwa ajili ya urembo, bali ili mashimo yaonekane. Tunang'oa miche ya mgunga na mkaratusi ingali midogo kama penseli. Kuna jirani mwenye bwawa lake ambaye bado anashikilia kwamba miti hushika udongo. Mlimani, ndiyo. Kwenye tuta, mizizi hupenya hadi ndani, na mti ukifa mizizi inaoza na kuacha mirija mitupu ya maji kupita. Ukoka unatosha, mizizi yake haiendi mbali.

Tumekuta mashimo ya fuko, na kichuguu kichanga. Kichuguu hakisawazishwi juu juu tu, kwa sababu nyumba ya mchwa iko ndani. Tumechimba mpaka kwenye udongo mzima, tukarudisha udongo wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likiloweshwa kidogo na kushindiliwa. Kijana mmoja alitaka kujaza shimo zima kisha ashindilie mara moja. Nilimwomba aufukue udongo upya. Hakufurahi, ila alifanya, na kazi ilikuwa safi.

Saa 5:00. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawa likijaa. Hapa ndipo ningemwomba kila mwenye bwawa atumie muda wake, hata kama hana muda wa kitu kingine. Utoro wetu una upana wa meta 12, na leo maji yanapita kimo cha kifundo cha mguu. Natoa matawi, magugu na kipande cha wavu ambacho mtu amekitega usiku kukamata samaki. Wavu unashika majani, majani yanashika tope, na mvua moja kubwa inakuta mlango umefungwa.

Msimamizi wa shamba amenikuta hapo. Mwaka jana kiangazi kilikuwa kirefu, na ana wasiwasi na kahawa yake.

"Kaka, tukipanga mifuko ya mchanga hapa, nusu meta tu, si tutapata maji ya wiki kadhaa zaidi?"

Nilimwonyesha ubao. Kutoka usawa wa utoro hadi juu ya tuta tumeachiwa meta 1, na kule kusini palipodidimia ni pungufu ya hapo. Meta hiyo ndiyo nafasi ya mafuriko. Ukipanga nusu meta ya mifuko umekula nusu yake, na tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakishaanza kumwagika upande wa nje, yanaukata udongo mpaka pengo lifunguke. Nikamtajia Solai. Mei 9, 2018, kule kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la shamba la watu binafsi lilipasuka usiku katika msimu wa mvua kubwa na kuua watu wasiopungua 47 waliokuwa wakiishi chini yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tukitaka maji zaidi kihalali tufanyeje. Hilo ni swali zuri: tunatafuta mtaalamu, anachora tuta na utoro upya, na michoro inapelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Kati kabla ya sururu ya kwanza.

Saa 8:00 mchana. Vali ya bomba la kutolea maji. Nafungua, nafunga, napaka grisi. Vali isiyoguswa hukwama siku inapotakiwa. Tukilazimika kushusha maji tunashusha polepole, si zaidi ya sentimita 30 kwa siku, kwa sababu tuta lililolowa likinyang'anywa maji ghafla huporomoka upande wa ndani.

Saa 9:30. Nateremka kijijini. Bibi mmoja anapalilia vitunguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bwawa limeamkaje?"

Namweleza yote: limepanda, linatoa maji meupe, utoro uko wazi. Ana haki ya kujua kuliko mtu yeyote wa ofisini. Kwa mwenyekiti wa kitongoji tumepitia namba za simu, mbili zimebadilika. Ishara ya hatari ni rimu ya gari pale shuleni ikigongwa mfululizo bila kukoma, na watu wakimbilie kilima cha kanisa, wasifuate barabara ya mtoni. Mwenyekiti ameomba tufanye zoezi shule ikifunguliwa. Nimekubali palepale.

Saa 11:00 jioni. Mawingu yameziba upande wa mlima Oldeani. Napima tena: sekunde 42, meupe. Mlinzi wa usiku nampa tochi, namba yangu na ya mwenyekiti, na agizo la kupita kwenye utoro kila saa mbili.

Saa 2:00 usiku. Nampigia msimamizi kumsomea vipimo. Nimemkumbusha kifusi cha mfinyanzi cha kuinua ile sehemu ya kusini: kiwe tayari mvua zikikatika, kabla udongo haujakauka, maana udongo mkavu haushindiliki sawasawa. Amesema trekta litaanza kusomba Jumatatu na kukirundika kando ya tuta.