brk #0x932: kusoma mtego wa KASAN kwenye arm64

KASAN ni kichunguzi cha makosa ya kumbukumbu ndani ya kerneli. Ukiwasha CONFIG_KASAN_SW_TAGS na CONFIG_KASAN_INLINE kwenye kerneli ya Linux ya arm64, Clang hupachika ukaguzi kabla ya usomaji na uandishi wa kumbukumbu. Lebo iliyo kwenye baiti ya juu kabisa ya kielekezi hulinganishwa na lebo iliyo kwenye kumbukumbu kivuli, ambako baiti 1 husimamia baiti 16. Zikitofautiana, na lebo ya kielekezi si 0xff, CPU inakutana na amri ya brk, yaani mtego unaokatiza kazi na kuikabidhi kerneli. Hakuna funksheni inayoitwa. Anwani huwekwa kwenye rejista ya x0, na mengine yote yamo ndani ya namba ya brk.

Tuseme rejista ya ESR, inayoeleza sababu ya mtego, inasomeka 0xf2000932. Biti 6 za juu ni 0x3c, yaani ni brk. Biti 16 za chini ni 0x0932. Hapo 0x900 ndiyo alama ya KASAN (BUG ina 0x800 yake). Inabaki 0x32: 0x20 ni ruhusa ya kuendelea baada ya ripoti, 0x10 ni uandishi (isingekuwepo, ungekuwa usomaji), na ile 2 ya mwisho hutoa ukubwa, 1 << 2, baiti 4. kasan_handler, funksheni ya kerneli inayopokea mtego huu, haina haja ya kuchambua amri iliyokosea.

Wengi huteleza kwenye PC, rejista inayoshika anwani ya amri. Kwenye x86, int3 (ndugu ya brk) ikinasa, PC huwa imeshapita amri hiyo. Kwenye arm64 PC hubaki juu ya brk ileile, kwa hiyo ni lazima uiongeze baiti 4 kabla ya kurudi. Ukisahau, CPU inarudi palepale bila kikomo. Dalili yake inapotosha: kwa kawaida KASAN huchapa ripoti ya kwanza tu, basi unaona ripoti moja safi kisha kimya, na unaanza kutafuta deadlock (kazi zinazongojeana milele) isiyokuwepo. Anza na kasan_multi_shot kwenye amri ya kuwashia kerneli. Ripoti zikimiminika kwa PC ileile, umeshamjua mchawi.

Kwa nini tusiue kerneli pale pale, kompaila itoe msimbo mfupi zaidi? Kwa sababu si kila mtego ni kosa. Kigawa kumbukumbu cha slab hugusa data zake za ndani huku ripoti zimezimwa kupitia current->kasan_depth. Ukaguzi uliopachikwa haujui hilo: brk inapigwa vilevile, ripoti haichapwi, na kazi lazima iendelee.

Kuendelea nako kuna gharama. Baada ya brk kurukwa, uandishi mbovu unafanyika kweli, maana arm64 hupuuza baiti ya juu ya anwani. Ajali za dakika chache baadaye usizipe uzito; isome ripoti ya kwanza. Kwenye mashine za majaribio weka kasan.fault=panic.

Mitego inaweza kunasa mapema kabisa; kwenye kerneli za zamani, hata kabla wapokeaji wa kudumu hawajasajiliwa. Ndiyo maana humo early_brk64, mpokeaji wa muda wa mwanzoni, nayo iliangalia 0x900, baada ya kufuta biti 8 za chini. Ukilinganisha namba nzima na 0x900, 0x932 itakupita.

Na ukiomba baiti 20 kwa kmalloc kisha ukaandika baiti ya 25, usisubiri mtego: lebo inafunika hadi ya 32.