Tulivyohesabu mabasi kabla ya kujenga stendi

Mchoro wa stendi mpya ulifika ofisi ya mipango kabla ya mtu yeyote kuuliza mabasi mangapi huingia mjini kwa siku. Ilikuwa Oktoba 2018, tunaanza maandalizi ya bajeti ya 2019/20, katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini ulio kando ya barabara kuu. Mchoro ulikuwa unavutia: paa la bluu, maduka ya ghorofa mbili, bustani katikati na maegesho ya teksi ambazo mjini hazikuwepo hata moja. Eneo lilikuwa kilometa sita nje, kwenye mashamba ya parachichi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu wa mapato ya mwaka, bila kueleza yamepatikanaje.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Kodi ya majengo ilikuwa imehamia TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, tangu 2016, na ada ya mabango ikafuata mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kisha katikati ya 2018 asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ikaingizwa kwenye sheria: nne, nne, mbili. Halmashauri iliyozoea kuahirisha mikopo hiyo mpaka mwaka ukaisha haikuwa na pa kujificha tena. Serikali Kuu nayo ilikuwa imefungua dirisha la miradi ya kimkakati ya kuongeza mapato: andika andiko zuri, upate fedha, ujenge kitu kitakachokulipa. Kila halmashauri iliandika stendi na soko. Sisi pia.

Mkurugenzi alikubali andiko lisubiri mpaka hesabu ifanyike. Mweka hazina ndiye aliyemsukuma, maana vitabu vyake vilionyesha stendi ya zamani inakusanya karibu kiasi kilekile mwezi hadi mwezi, iwe msimu wa mavuno au wa mvua. Biashara ya usafiri haiendi hivyo. Takwimu iliyonyooka namna ile ina mtu anayeinyoosha.

Fomu ya kuhesabia ilikuwa na safu nane: saa, namba ya gari, aina ya gari, linakotoka, linakokwenda, walioshuka, waliopanda, na mahali liliposimama. Namba ya gari ndiyo muhimu kuliko zote, maana Hiace moja inaweza kuingia mara tano kwa siku. Bila namba utaandika Hiace tano na kuota mapato ya magari matano yanayolipa ushuru wa siku. Vijana waliokuwa wakisubiri kwenda vyuo waligawiwa zamu kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Hawakuvaa vizibao vya halmashauri. Kondakta akiona kizibao huingia getini kwa adabu, analipa na kudai risiti, na hesabu yako inakuwa picha ya siku ambayo haipo. Watoza ushuru nao hawakuambiwa.

Wengine waliwekwa nje ya stendi: kituo cha mafuta upande wa kutokea, njia panda, na mbele ya mgahawa mmoja ambao mabasi ya safari ndefu hupenda kusimama. Huko ndiko habari yenyewe ilikokuwa. Mabasi yanayoanzia mjini yaliondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu enzi hizo mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha na kila mwenye safari ya Dar es Salaam alilazimika kuwahi. Mtoza ushuru mwenye mashine ya POS, ile ya kutolea risiti, alifika saa mbili, kama mtumishi yeyote wa ofisini. Magari yenye abiria wengi kuliko yote ya siku yalikuwa yameshatoka bila kukutana na mashine. Mabasi ya mbali yaliyopita mchana hayakuingia stendi kabisa. Yalishusha kituo cha mafuta, maana kuingia mjini na kutoka kuliwapotezea muda na barabara ya kuingilia ilikuwa mashimo matupu. Jioni, yanayotoka Dar yalipoanza kuingia, mashine ilikuwa imefungwa na kupelekwa ofisini.

Tulihesabu siku ya gulio, siku ya kawaida na Jumapili, kisha tukatafuta wastani kwa uzito wa kila siku. Hapa ndipo maandiko mengi ya miradi huharibika. Tuseme siku ya gulio yanaingia magari 200 na siku nyingine 110. Anayezidisha 200 kwa 365 anapata magari 73,000 kwa mwaka. Lakini magulio ni 52, sawa na magari 10,400. Siku 313 zilizobaki zinaleta 34,430. Jumla ni 44,830. Kwa ushuru wa shilingi 1,000, umeandika milioni 28 ambazo hazitakuja, na wa kwanza kuzidai ni mkaguzi.

Upande wa maduka kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hakuna anayependa kuulizwa kuhusu kodi ya chumba. Maduka ya stendi ya zamani yalijengwa na watu binafsi kwa makubaliano na halmashauri: mtu anajenga chumba kwa fedha zake, anakitumia kwa kodi ndogo mpaka gharama yake irudi. Miaka ilipita, gharama zikarudi, mikataba haikuguswa. Afisa biashara alijua kuwa ukimuuliza mwenye duka, "Mkataba wako unasemaje?" atakuonyesha karatasi ya jina la mtu mwingine na kunyamaza. Swali likabadilishwa: unamlipa nani, na unamlipa lini? Majibu yakatoka. Wapangaji halisi walilipa mara tano hadi sita ya kilichoingia halmashauri. Tofauti ilibaki kwa wenye mikataba, baadhi yao wakiwa wamehama mji zamani. Chanzo kikubwa cha mapato cha stendi kilikuwepo tayari na hakikuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Kilihitaji kurejea mikataba, na kurejea mikataba kunahitaji madiwani wenye moyo, maana wenye mikataba nao wana ndugu na kura.

Mama lishe mmoja aliyepika nyuma ya maegesho alimweka kijana wetu sawa kuhusu zile kilometa sita. "Mwanangu, abiria akishuka huko nje anamlipa bodaboda elfu mbili kufika mjini. Sasa wali wangu wa elfu moja na mia tano atanunua na nini?" Kwenye fomu hapakuwa na safu ya jambo hilo. Tuliiongeza siku iliyofuata: ukishuka unaelekea wapi, na unatumia kiasi gani kabla ya kutoka stendi. Wengi walikuwa wanakwenda sokoni au hospitali, kwa miguu. Stendi ikihama bila daladala kuwepo kwanza, basi litashusha njiani, abiria atateremka kwenye kona ya barabara, na jengo la mabilioni litabaki na walinzi.

Mhandisi akaleta yake. Makadirio ya mshauri yalihusu jengo na uwanja tu. Hayakuwa na transfoma, wala bomba la maji kutoka bomba kuu, wala mtaro wa kutoa maji kwenye ule mteremko. Barabara ya kuingilia ya kilometa moja na kitu ilichorwa kana kwamba ni ya halmashauri, wakati tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zilikuwa mikononi mwa TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo, yenye bajeti yake na orodha yake ya kipaumbele. Unaweza kumaliza stendi Juni na ukasubiri barabara miaka miwili, kwa sababu hukuketi na wenzako wakati wao wanapanga.

Kisha fidia, ambayo kwenye andiko ilikuwa kiasi cha kukadiria tu. Mthamini alituketisha na kanuni za fidia ya ardhi za 2001 akazipitia kipengele kwa kipengele. Mwenye shamba halipwi ardhi na miti tu. Kuna posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa riba ya amana za benki. Kuna posho ya makazi kwa mwenye nyumba, kodi ya pango kwa bei ya soko mara miezi 36. Mwenye biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36. Usafiri ni wa tani 12 ndani ya kilometa 20. Parachichi linalozaa haliwezi kulingana na mche wa jana, kwa hiyo miti inahesabiwa mmoja mmoja, na mwenye shamba asaini. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kutembea. Tulipojumlisha, eneo la bei nafuu nje ya mji halikuwa nafuu tena.

Jedwali lililopelekwa kwenye menejimenti lilikuwa la ukurasa mmoja. Mfano wa mahesabu yake ulikuwa hivi: ukijenga kwa bilioni 3, ukakusanya milioni 200 kwa mwaka, na ukatumia milioni 80 kwa walinzi, usafi, umeme, maji, kamisheni za wakusanyaji na ukarabati, unabaki na milioni 120. Fedha ya ujenzi inarudi baada ya miaka 25, na hapo hujaweka riba wala paa kubadilishwa. Wakuu wa idara walilitazama kimya. Aliyezungumza kwanza alikuwa afisa afya, akauliza kwa nini choo kimepewa matundu sita tu. Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Katika stendi na masoko yetu choo cha kulipia ndicho chenye mapato makubwa kwa kila mita ya mraba. Abiria wa safari ndefu hana ujanja, na mia mbili yake ya wakati ule haikopwi. Watu 600 kwa siku ni shilingi 120,000, na gharama yake ni maji, sabuni na mtu mmoja mwaminifu. Huyo wa mwisho ndiye adimu.

Wakati tukiendelea na hesabu za stendi, afisa kilimo alikuja na jambo lililogeuza mjadala. Malori ya viazi. Mji ule hauishi kwa abiria; unaishi kwa viazi mviringo, mbao na mahindi. Malori yalipakia kandokando ya barabara kuu, yakiharibu mitaro na kuziba njia, na halmashauri haikupata shilingi ya maegesho. Ushuru wa mazao wenyewe ulitozwa kwa gunia wakati gunia lilikuwa lumbesa, limeshonewa kilemba juu mpaka kupita kilo 100 zinazoruhusiwa. Mkulima anapunjwa, na halmashauri inapunjwa pamoja naye. Na kwa kuwa mzigo usiofika tani moja hautozwi ushuru unapovuka halmashauri, wajanja walivusha viazi kwa pikapu, safari nyingi ndogondogo, kisha wakajaza Fuso upande wa pili. Eneo la kupakilia lenye mizani, choo, taa na mama lishe wachache lingegharimu sehemu ndogo ya stendi na kugusa biashara inayolisha mji.

Baraza la madiwani lilipokutana, mjadala ulikuwa mkali. Diwani wa kata ya nje alikuwa ameshawaahidi watu wake stendi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wananchi wangu nitawaambia nini? Kwamba wataalamu wamehesabu magari?" Watu wakacheka, lakini alikuwa na hoja: kata ile haikuwa imepata mradi wowote wa maana. Suluhu ilikuwa eneo la malori kwenda kwenye kata yake, karibu na barabara kuu, sehemu ambayo fidia ilikuwa ndogo kwa kuwa nusu ya ardhi ilishapimwa na kumilikiwa na halmashauri.

Desemba ikafika na vitambulisho vya wajasiriamali. Mfanyabiashara mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka alipe shilingi 20,000 ya kitambulisho, asisumbuliwe na ushuru mwingine. Kwa mama wa nyanya ilikuwa nafuu ya kweli, na sikuona sababu ya kunung'unika kwa niaba ya bajeti. Ila kwenye rasimu yetu mstari wa ushuru wa meza za soko ulikuwa wa tatu kwa ukubwa, na fedha ya vitambulisho haikuingia halmashauri. Mweka hazina aliufuta mbele yetu. Kama andiko la kwanza lingeshatumwa, sehemu nzuri ya marejesho yake ingekuwa imesimama juu ya meza zile.

Kilichoingia kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, kwa 2019/20 hakikuwa na paa la bluu. Stendi ya zamani: kurekebisha barabara ya kuingilia kwa makubaliano na TARURA, kufungua geti la pili ili basi lisigeuze ndani, taa, mtaro, choo cha matundu 16, na zamu za wakusanyaji kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mikataba ya maduka yote kurejewa, mpangaji halisi akipewa nafasi ya kwanza. Eneo la malori awamu ya kwanza: kifusi, uzio, mizani, choo. Ada ya maegesho ya malori haikuwemo kwenye sheria ndogo zetu, na bila sheria ndogo iliyoidhinishwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, dereva mwenye kujua haki yake anakataa kulipa na anashinda. Kwa hiyo mwanasheria alianza rasimu Januari, na mapato ya chanzo hicho tuliyaandika kwa nusu mwaka tu.

Mchoro wa ghorofa mbili ulirudishwa kwenye jalada, na juu yake mhandisi akaandika kwa kalamu ya risasi: daladala kwanza.